Msomaji Ashikapo Kalamu: Mwanafunzi wa Kiswahili na Teknolojia za Wavuti ya Kijamii, kwa Mfano wa Kombewa

Utangulizi

Jina la Kombewa limeandikwa mara nyingi kuliko wanavyodhani wengi wa wakazi wake. Mji huu mdogo wa soko, ulioko Seme katika Kaunti ya Kisumu, kando ya barabara itokayo Kisumu kuelekea Bondo, umetajwa katika majarida ya tiba yanayosomwa ulimwenguni kote. Sababu ni kwamba Kombewa ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoshiriki awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Zaidi ya watoto 15,000 walishirikishwa katika vituo hivyo, na mnamo tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni likapendekeza chanjo hiyo itumiwe kwa watoto. Ripoti za majaribio hayo ziliandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya wataalamu. Mzazi wa Seme aliyempeleka mwanawe kudungwa chanjo hakuwa msomaji aliyekusudiwa, sembuse mwandishi.

Tofauti iliyopo kati ya mahali panapoandikwa na mahali panapojiandika ndiyo inayotushughulisha katika makala hii. Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na teknolojia za wavuti ya kijamii kama orodha ya majina: blogu, wiki, Facebook, WhatsApp, YouTube. Hujifunza kuzitumia kwa kubonyeza, kisha hudhani wamezifahamu. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba nyuma ya majina hayo kuna badiliko moja linalomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa lugha na fasihi: kazi ya uhariri imehama. Zamani uhariri ulitangulia uchapishaji. Katika wavuti ya kijamii, aghalabu uhariri huja baada ya uchapishaji, na anayeufanya ni msomaji. Asipoufanya msomaji huyo, haufanywi na mtu yeyote.

Maana na Chimbuko

Wavuti ilibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CERN, karibu na mji wa Geneva. Programu ya kwanza ya kusomea kurasa za wavuti, aliyoiunda mwaka 1990, ilimwezesha mtumiaji kusoma na pia kuandika. Hata hivyo, wavuti ilipoenea katika miaka ya 1990, uwezo wa kuandika ulibaki mikononi mwa wachache: taasisi, kampuni na mafundi waliojua kuunda kurasa. Umma uliobaki ulikuwa wa wasomaji tu. Istilahi ya Wavuti 2.0, ambayo ilipata umaarufu kuanzia mwaka 2004 kupitia kongamano lililoandaliwa na kampuni ya Tim O'Reilly, ilitumiwa kueleza kizazi kipya cha zana zilizomrudishia msomaji kalamu.

Kwa madhumuni ya makala hii, teknolojia za wavuti ya kijamii ni zana za intaneti zinazomwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika, kujibu, kurekebisha na kusambaza matini bila kupitia kwanza kwa mhariri au mchapishaji.

Ikumbukwe kwamba msomaji anayejibu si mgeni katika fasihi yetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa wasomaji wake nafasi ya kuchapisha mashairi, na utamaduni wa malumbano, ambapo mshairi mmoja hutoa hoja na mwingine humjibu, umeendelea magazetini kwa miongo mingi. Ufuoni mwa Ziwa Viktoria nako, Waluo wana pakruok, desturi inayomruhusu msikilizaji kuukatiza muziki ili ajisifu au amsifu rafiki yake, aghalabu kwa kutoa fedha kidogo. Hadhira hapo huwa sehemu ya utendaji. Hata hivyo, katika gazeti palikuwa na mhariri aliyechagua shairi la kuingia na la kuachwa, na katika pakruok pana mwanamuziki anayejua wakati wa kurudi kwenye wimbo. Mlinda mlango alikuwapo. Jambo jipya katika wavuti ya kijamii ni kwamba mlango hauna mlinzi, au mlinzi wake ni yule yule anayeingia.

Zana Nne na Namna Zinavyorekebishika

Zana hizi ni nyingi, na majina yake hubadilika upesi. Mtandao ulioitwa Twitter tangu mwaka 2006, kwa mfano, ulibadilishwa jina na kuwa X mwaka 2023. Kwa hivyo si busara mwanafunzi anayeanza akariri majina. Ni afadhali aulize maswali mawili kuhusu kila zana: je, maandishi yakiwa na kosa, nani anaweza kulirekebisha? Na je, maandishi hayo yataonekana tena baada ya mwaka mmoja?

Ya kwanza ni blogu. Hii ni tovuti ambayo mwenyewe huandika makala kwa mfululizo, ile mpya ikitangulia, na wasomaji hutoa maoni chini yake. Miongoni mwa waasisi wa blogu za Kiswahili ni Ndesanjo Macha wa Tanzania, aliyeanzisha blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004. Mchango wake ulikuwa mkubwa hasa kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili kuhusu intaneti yenyewe wakati ambapo wengi waliamini kwamba mambo hayo hayasemeki ila kwa Kiingereza. Katika blogu, mwenye kurekebisha ni mwandishi mwenyewe. Msomaji anaweza kumsahihisha katika maoni, lakini hawezi kuigusa matini. Maandishi hudumu kadiri mwenyewe anavyoitunza blogu yake.

Ya pili ni wiki. Neno hili halihusiani na wiki yetu ya siku saba. Limetoka katika lugha ya Kihawaii, ambamo lina maana ya haraka, na lilichaguliwa na Ward Cunningham alipozindua tovuti ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1995. Katika wiki, msomaji yeyote anaweza kubonyeza sehemu ya kuhariri na kuibadili matini. Wahenga walituonya kwamba haraka haraka haina baraka, na pengine ndiyo sababu wiki ina kinga yake: kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, ili kosa likitokea, toleo la awali lirejeshwe. Wikipedia ilianza mwaka 2001 na toleo lake la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Leo toleo hilo lina makala zaidi ya 70,000, ingawa nyingi kati yake ni fupi mno.

Ya tatu ni mitandao ya kijamii, mathalani Facebook iliyoanza mwaka 2004, YouTube ya mwaka 2005 na WhatsApp ya mwaka 2009. Facebook ilipata toleo la Kiswahili mwaka 2009 kwa juhudi za wataalamu wa lugha waliofasiri maneno ya kiolesura chake. Nguvu ya mitandao hii ni kasi. Mwezi Juni 2024, wakati Wakenya walipokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, vijana walivifafanua vifungu vyake katika video fupi kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kenya, wakawafikia watu ambao wasingeusoma mswada wenyewe. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Hapa tunaona kazi ya mfasiri ikiwa na uzito wa kitaifa. Udhaifu wa mitandao hii ni kwamba ujumbe ukishasambazwa, nakala zake hazirekebishiki. Hata mwandishi wa kwanza akiufuta, nakala elfu hubaki katika simu za watu.

Ya nne ni ramani ya umma, na mfano wake maarufu zaidi una jina la Kiswahili. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa, ghasia zilizuka nchini Kenya, na Kisumu ulikuwa miongoni mwa miji iliyoathirika vibaya. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Mapema Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliunda tovuti ya Ushahidi, ambapo mwananchi aliweza kutuma taarifa ya tukio kwa ujumbe mfupi wa simu au kupitia tovuti, nayo ikawekwa kwenye ramani. Programu hiyo imetumiwa tangu hapo katika nchi nyingine, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010.

Kit Mikayi: Hadithi Mbili Katika Ukurasa Mmoja

Ili nadharia hii isielee hewani, na tuchukue mfano wa Seme yenyewe. Katika barabara hiyo hiyo ya Kisumu kwenda Bondo kuna rundo la mawe makubwa lijulikanalo kama Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Hutembelewa na watalii, wanafunzi na waumini wanaokwenda kusali. Tuseme mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Kombewa anataka kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu mawe hayo. Atakumbana na maswali matatu ambayo ni ya kifasihi kabla hayajawa ya kiteknolojia.

Swali la kwanza ni la matoleo. Kuna masimulizi yanayosema kwamba mzee aitwaye Ngeso aliyapenda mawe hayo hata akawa anashinda pangoni kila siku, na mkewe alipoulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Kuna pia maelezo yanayoyasoma mawe yenyewe kama boma la Waluo la wake wengi: mume, kisha mikayi aliye mke wa kwanza, nyachira aliye wa pili, na reru aliye wa tatu. Ni lipi sahihi? Mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba swali hilo halifai kuulizwa hivyo, kwa kuwa utanzu wa simulizi huishi kwa matoleo yake. Kanuni ya Wikipedia inakubaliana naye: matoleo yote mashuhuri yaelezwe, kila moja litajwe lilikotoka, na mwandishi asijifanye hakimu. Hapa mwanafunzi wa fasihi ana faida kuliko fundi wa tarakilishi, maana amefunzwa kuvumilia matoleo mengi.

Swali la pili ni gumu zaidi. Wikipedia haikubali utafiti mpya. Kila dai muhimu linapaswa kuungwa mkono na chanzo kilichokwisha kuchapishwa. Masimulizi ya bibi wa Seme, hata yawe na thamani kiasi gani, hayahesabiwi kuwa chanzo mpaka yachapishwe mahali. Kanuni hii ina mantiki yake, kwani bila hiyo kila uvumi ungeingia. Lakini kwa jamii ambayo maarifa yake mengi yamehifadhiwa vinywani, kanuni hiyo huwa kizingiti. Matokeo yake ni kwamba chanjo ya Kombewa inaandikika kwa urahisi kwa sababu ina majarida, ilhali hadithi zilizosimuliwa usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala na kufunzwa, haziandikiki kwa sababu hazina jarida.

Dawa ya tatizo hili iko mikononi mwetu. Mwanafunzi anayekusanya simulizi kwa ajili ya tasnifu anaweza kwanza kuzichapisha katika jarida kama hili la chama cha wanafunzi, akitaja mahali, tarehe na hali ya usimulizi. Simulizi ikishachapishwa, imepata chanzo kinachotajika, na hapo inaweza kuingia katika ensaiklopidia. Kwa mtazamo huu, jarida letu dogo ni daraja kati ya siwindhe na wavuti. Kila toleo lisilotoka, na kila tasnifu inayobaki kabatini, ni daraja lililokatika.

Swali la tatu ni la lugha. Je, mikayi, nyachira na reru yafasiriwe? Yakifasiriwa kuwa mke wa kwanza, wa pili na wa tatu, maana ya msingi inafika, lakini nafasi na mpangilio wa nyumba bomani hupotea. Ni bora maneno ya Kidholuo yabaki na yaelezwe kwa Kiswahili pembeni. Kiswahili ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na Katiba hiyo hiyo inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za kiasili. Makala nzuri ya Kit Mikayi inaweza kutimiza yote mawili katika aya moja.

Tahadhari

Tulisema kwamba mlango wa wavuti ya kijamii hauna mlinzi. Historia ya Kenya imetuonyesha gharama yake. Mwezi Januari 2008, David Kobia, yule yule aliyeshiriki kuunda Ushahidi, alilazimika kulifunga kwa muda jukwaa lake la majadiliano lililoitwa Mashada, kwa kuwa lilijaa matusi ya kikabila kuliko alivyoweza kuyazuia. Fundi mmoja, katika mwezi mmoja, alijenga tovuti ya kushuhudia ghasia na akafunga nyingine iliyokuwa ikizichochea. Hatuhitaji mfano mwingine wa kuthibitisha kwamba zana yenyewe haina wema wala ubaya. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo inaharamisha matamshi ya chuki.

Jina la Ushahidi nalo lina funzo la kisemantiki. Katika Kiswahili, neno hilo hubeba maana mbili: maelezo ya aliyeona, na kithibitisho kinachokubalika. Ujumbe wa simu uliotumwa usiku wa ghasia ni ushahidi kwa maana ya kwanza. Ili uwe ushahidi kwa maana ya pili, ni lazima ulinganishwe na taarifa nyingine, mtumaji aulizwe, mahali pahakikishwe. Mkanganyiko wa maana hizi mbili ndio chanzo cha uvumi mwingi unaozagaa katika makundi ya WhatsApp: mtu husema ameona, na msikilizaji huchukulia kwamba imethibitishwa. Mahali kama Kombewa, ambapo utafiti wa chanjo umewahusu watoto wa watu, tofauti hiyo inaweza kumfanya mzazi aende kliniki au abaki nyumbani.

Tahadhari ya mwisho inahusu haki za wasimulizi. Simu ya mkononi imefanya iwe rahisi mno kumrekodi mzee na kumweka YouTube kabla hajamaliza chai yake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016, inayotambua haki za jamii juu ya sanaa na maarifa yao, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayolinda taarifa za mtu binafsi. Hata bila sheria hizo, adabu ya mtafiti inatosha: mweleze msimulizi kwamba sauti yake itasikika hadi nchi za mbali, mwambie kwamba ikishatoka hairudi, na umwache achague. Aidha, mwanafunzi afahamu kwamba anachokiweka Wikipedia huwa chini ya leseni huria, yaani mtu yeyote anaweza kukitumia tena, hata kwa biashara, mradi amtaje mwandishi.

Namna ya Kuanza

Kwa mwanafunzi anayeanza, hatua ya kwanza isiwe kuandika bali kusahihisha. Afungue akaunti katika Wikipedia ya Kiswahili, atafute makala kuhusu mahali anapopajua, arekebishe upatanisho wa kisarufi uliokosewa, aongeze mwaka uliokosekana pamoja na chanzo chake, kisha aeleze badiliko lake kwa sentensi moja katika sehemu ya muhtasari. Siku zinazofuata airudie historia ya ukurasa aone kama badiliko limekubaliwa au limeondolewa, na kwa nini. Kazi hiyo haihitaji tarakilishi yake mwenyewe. Inawezekana kuandika rasimu katika daftari na kuiingiza kwa simu siku atakapokuwa na bando.

Hatua ya pili ni kuichukulia istilahi kama kazi ya mikono yake. Bado tunayo maneno yanayoshindana: tarakilishi, kompyuta na ngamizi, tovuti na wavuti, nywila na nenosiri. Kamati zinaweza kupendekeza, lakini neno hushinda kwa kutumiwa. Mwanafunzi anayeandika mara kwa mara mahali panaposomwa na wengi anapiga kura katika uchaguzi huo kila siku.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba teknolojia za wavuti ya kijamii zimehamisha uhariri kutoka kabla ya uchapishaji hadi baada yake, na kwamba zana hutofautiana kwa kadiri zinavyoruhusu kosa kurekebishwa na maandishi kudumu. Kwa mfano wa Kit Mikayi, imeonekana kwamba stadi zinazohitajika hapo, yaani kulinganisha matoleo, kutaja chanzo, kuchagua neno na kumheshimu msimulizi, ni zile zile zinazofundishwa katika madarasa yetu ya fasihi simulizi na uhariri.

Jambo hili lina uharaka ambao haukuwapo miaka ishirini iliyopita. Programu za akili unde zinazojibu maswali ya watu leo zimefunzwa kwa matini zilizopatikana katika intaneti, na Wikipedia ni miongoni mwa matini hizo. Penye matini chache au zenye makosa, majibu nayo hupwaya. Mtoto wa Kombewa atakapoiuliza mashine kwa Kiswahili kuhusu mawe yaliyo karibu na kwao, au kuhusu chanjo aliyodungwa, atajibiwa kwa kadiri ya kilichoandikwa. Chama chetu kina wanachama, kina jarida, na kina tasnifu ambazo hazijasomwa. Pendekezo la makala hii ni kwamba kila tawi lichague mahali pamoja panapojulikana na wanachama wake, likusanye simulizi zake kwa idhini ya wenyewe, lizichapishe katika toleo lijalo, kisha liandike ukurasa wake.